Mchezaji wa Mazingaombwe: Ni Mchawi, Ni Tapeli au Ni Fundi wa Mikono?

 

SUALA

Assalaamu alaykum sheikh wetu. Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Wete. Mwanangu wa tatu anasoma skuli ya bweni huko Kibaha, yuko kidato cha pili. Muhula uliopita alikuja mtu skuli kwao akaonesha mazingaombwe. Alitafuna nyembe kisha akazitoa kinywani zimepangika kwenye uzi, na karatasi ya daftari ikageuka noti ya elfu kumi. Alipomaliza akawapa baadhi ya watoto nambari yake ya simu. Mwanangu akamtumia fedha ya matumizi tuliyompa, shilingi laki moja na ishirini, ili azidishiwe. Hazikurudi. Sasa yuko likizo nyumbani, hali vizuri wala halali, anasema yule mtu ana majini na akimsema atadhurika. Naomba kujua: ule ni uchawi? Na sala za mwanangu za siku arubaini zimepotea kwa kuwa alitazama? Na huyo mtu tumfanye nini?

JAWABU

Wa alaykumu-s-salaam warahmatullahi wabarakatuh. Mama, kwanza mtulize mtoto. Yule mtu hana jini wa kumtuma Wete. Ana vidole vyepesi na ulimi mrefu, na haya ndiyo nitakayoyaeleza, kwa sababu suala lako halikuwa la kwanza. Wazee wengi wa Unguja na Pemba wana watoto skuli za bara. Kibaha yenyewe ni mji wa elimu tangu mwaka 1963, ulipoanza mradi wa nchi za Nordiki ambao mwaka 1970 ulikabidhiwa serikali na leo tunaujua kwa jina la Shirika la Elimu Kibaha. Kisarawe nako kuna Minaki, skuli kongwe. Watoto wetu wako huko, na wachezaji wa mazingaombwe wako huko pia, kwa sababu mchezaji hufuata pahala penye watoto wengi waliokaa pamoja.

Barua yako ilinikuta nina safari ya Kisarawe kwa ajili ya mhadhara. Nikaona nisiandike neno kabla ya kumsikiliza mwenye kazi. Imam Shafi'i, ambaye visiwa vyetu vinafuata madhehebu yake, amenukuliwa kwamba mtu akidaiwa kuwa ni mchawi basi huambiwa kwanza aueleze uchawi wake. Akieleza jambo la kufru, ana hukumu yake. Akieleza jambo lisilofikia kufru, ana hukumu nyengine. Maana yake ni kuwa mwanachuoni hahukumu kwa jina la kitu. Anauliza: unafanya nini hasa, na kwa njia gani?

Basi nikauliza, nikaelekezwa kwa mzee mmoja aliyeifanya kazi hiyo zaidi ya miaka 30 na sasa ameiacha. Ameniomba nisimtaje jina. Tulikaa barazani kwake baada ya sala ya alasiri, akaniletea sanduku lake la bati, kutu tupu, akalifungua.

"Shehe," akaniambia, "uchawi wangu wote ndio huu."

Mlikuwa na vitambaa vya rangi, kamba mbili, kopo lenye matako mawili, vipande vya karatasi vilivyogandishwa viwili viwili, na uzi. Akaniomba noti, nikampa ya elfu mbili. Akaikunja mbele ya macho yangu mara nne, akafungua mkono, mna karatasi ya daftari. Akarudia polepole. Ile karatasi ilikuwa mkononi mwake tokea mwanzo, imekunjwa kiasi kile kile cha noti, imelala nyuma ya kidole gumba. Wakati anakunja noti alikuwa akinitazama usoni na kuniuliza habari za Unguja, na mimi kwa adabu nikamtazama usoni kumjibu. Hapo ndipo alipobadilisha. Nyembe nazo ni hivyo hivyo: zile za kwenye uzi zimefungwa nyumbani, na zile zinazoingia kinywani mbele ya watu si zile zinazotoka. Watoto wasijaribu hata kwa mzaha, mzee mwenyewe ana kovu ndani ya shavu.

Alianza akiwa kijana wa Maneromango. Alipita mchezaji kijijini kwao, naye akamfuata kumbebea sanduku. Miaka mitatu hakufundishwa kitu ila kupiga ngoma na kukusanya senti. Baadaye akaanza kwenda mwenyewe: Masaki, Msanga, Kisarawe mjini, kisha anavuka upande wa Kibaha, Mlandizi na Ruvu, mara kwa lori, mara kwa treni ya Reli ya Kati anashuka Soga. Kazi ilikuwa na taratibu zake. Unakwenda kwa mwalimu mkuu na barua, mnakubaliana mgao, siku ya pili watoto wanakuja na senti zao, wanakaa chini ya mwembe, asiyekuwa na senti anachungulia nyuma ya ua. Siku ya mvua hakuna kazi. Mwezi wa mitihani hakuna kazi. Likizo hakuna kazi, unarudi kulima muhogo. Nilimuuliza kama alitajirika. Akacheka, akanionesha paa la nyumba yake.

Nikamuuliza: "Na jini?"

"Jini ni maneno, shehe. Ukiwaambia watoto una vidole vyepesi, watatazama vidole. Ukiwaambia una jini, watatazama juu ya mti."

Jawabu hili la mzee wa Kisarawe wanavyuoni wetu walilijua zamani sana, na ni haki tuliseme. Qur'ani yenyewe imetofautisha. Katika Suratul A'raf, aya ya 116, wachawi wa Firauni wametajwa kuwa waliyafanyia uchawi macho ya watu na wakawatia khofu. Katika Suratu Taha, aya ya 66, kamba na fimbo zile zilimdhihirikia Nabii Musa (AS) kana kwamba zinakwenda. Zilimdhihirikia tu, kamba zilibaki kamba. Lakini katika Suratul Baqara, aya ya 102, umetajwa uchawi unaofundishwa na mashetani, wa kumtenga mtu na mkewe, na kwamba hawamdhuru yeyote ila kwa idhini ya Allah. Ndio maana jamhuri ya wanavyuoni, wakiwemo wa Kishafi'i kama Imam Nawawi, wanasema uchawi uko na una athari, na baadhi yake ni kuzugwa macho tu. Anayekanusha vyote amekosea, na anayeona jini katika kila kopo la bati amekosea pia.

Abu Bakr al-Jassas, mwanachuoni wa Kihanafi wa Baghdad aliyefariki mwaka 370 Hijria, yaani 981 Miladia, ameandika katika Ahkam al-Qur'an maelezo ambayo ukiyasoma utadhani alikaa chini ya mwembe wa Mlandizi. Anaeleza habari ya mchezaji anayechinja ndege, kichwa kikatengana na kiwiliwili, kisha ndege akaruka. Siri yake, anasema, ni kuwa ndege walikuwa wawili, mmoja amefichwa, na aliyechinjwa siye aliyeruka. Anawataja pia wanaojidhihirisha kuwa wamechinja mtu au wamemeza upanga, na anasema hayo hayana ukweli wowote, ni wepesi wa mkono.

Al-Fakhr ar-Razi, aliyefariki mwaka 606 Hijria (1210), katika tafsiri yake ameugawa uchawi mafungu 8, na fungu la nne ni hili la kuyashika macho. Kwanza anaeleza kwa nini jicho hukosea, na mifano yake mtu wa visiwani ataielewa upesi. Aliye ndani ya chombo akitazama pwani huona chombo kimesimama na pwani ndiyo inayokwenda. Kila mmoja wetu kaliona hili akiondoka Malindi au Mkoani. Tone la mvua likianguka huonekana mstari. Kaa la moto likizungushwa huonekana duara. Zabibu ndani ya maji huonekana kubwa kama tunda la plamu. Kisha anasema mchezaji hodari huonesha jambo moja la kuwashughulisha watu mawazo na macho, na wakishazama humo hulifanya jambo jengine kwa haraka, hata wakaona kitu wasichokitarajia. Hii ndiyo ile habari za Unguja niliyoulizwa barazani. Na miaka zaidi ya 800 imepita.

Wasafiri wetu nao waliyaona haya. Ibn Battuta, ambaye alipita Mombasa na Kilwa mwaka 1331 na akatusifia dini yetu, baadaye alifika China. Katika mji alioutaja kwa jina la Khansa, ambao leo ni Hangzhou, aliandaliwa karamu na amiri wa mji. Akatoka mchezaji na tufe la mbao lenye matundu na mikanda mirefu ya ngozi, akalirusha juu likapotea machoni. Kijana akapanda mkanda mpaka naye akapotea. Akaitwa mara tatu, kimya. Mchezaji akachukua kisu akapanda, na viungo vya kijana vikaanza kuanguka chini, mkono, mguu, mwisho kichwa. Akashuka ana damu nguoni, akavikusanya viungo, akakipiga teke kiwiliwili, kijana akasimama mzima. Ibn Battuta, mtu aliyekwishaona dunia, moyo ulimwenda mbio hata akapewa dawa. Lakini pembeni yake alikaa kadhi Afkharuddin. Huyu hakushituka. Akamwambia kwamba hakukuwa na kupanda, wala kushuka, wala kukatwa kiungo, yote ni kiinimacho.

Namtaka kila mzazi awe kama kadhi huyu pembeni ya mtoto wake. Hakumpigia kelele mwenziwe kuwa amekufuru kwa kushituka. Alimueleza tu kilichokuwa hakikutokea.

Sasa tutazame upande wa pili, maana mikono ile ile inaweza kuingia msikitini. Abdurrahim al-Jawbari, mtu wa Damascus, alizunguka miji mingi akichunguza hila za matapeli, kisha akaandika kitabu kizima cha kuwafichua, alichomwandikia mtawala wa Amid katika zama za miaka ya 1220 na 1230. Anasimulia aliyoyaona Harran mwaka 613 Hijria. Siku ya Ijumaa alikuja mtu na nyani aliyevishwa kifalme, amepandishwa nyumbu, watumwa wanamzunguka. Nyani akawa anaamkia watu, anapiga mswaki, akaingia msikitini akasali rakaa mbili, akashika tasbihi. Mtumwa akasimama akawaambia watu kwamba huyu si nyani, ni mwana wa mfalme wa Bara Hindi aliyerogwa na mkewe, na mkewe anataka dinari nyingi mno ili amfungue. Nyani akajifunika leso akalia. Watu wakalia naye. Kisha wakatoa fedha.

Waliotoa fedha siku ile hawakuwa wajinga wa dini. Walikuwa watu wa Ijumaa, wenye huruma. Tapeli huanza na kile unachokiheshimu. Huku kwetu anaanza na kanzu, tasbihi na aya mbili tatu. Huko bara ukipita barabarani utaona vibao vya waganga vinajisifu kuwa "kutoka Pemba". Na Mpemba akiumwa humsikia anasema atakwenda kwa mganga wa bara. Kila mmoja anadhani elimu hiyo iko kwa mwenziwe ng'ambo ya maji, na nauli ya boti inawafaidisha watu wa boti tu.

Kisa cha tatu ni cha mchezaji wa jukwaani khasa, na kina funzo la siasa ndani yake. Jean-Eugène Robert-Houdin alizaliwa Blois, Ufaransa, mwaka 1805, mtoto wa fundi saa, naye mwenyewe akawa fundi saa. Mwaka 1845 alifungua ukumbi wake wa maonesho Paris, akavaa mavazi ya kawaida ya mtu wa karamuni badala ya majoho ya kichawi, na wachezaji wa Ulaya wakamfanya baba wa kazi yao. Hata yule Houdini wa Marekani alijipa jina hilo kwa kumuiga yeye. Alikwishastaafu pale serikali ya Ufaransa ilipomtaka aende Algeria. Wafaransa walikuwa wameingia Algiers tokea mwaka 1830, Amiri Abdulqadir alikwishasalimu amri mwaka 1847, lakini watawala waliendelea kuwaogopa mashekhe wa zawiya ambao watu waliwasikiliza, na wakaamini kwamba heshima ya mashekhe hao inatokana na viinimacho. Basi wakamtaka fundi wao aoneshe kwamba Mfaransa ana viinimacho vikubwa zaidi.

Oktoba 1856 machifu wa makabila walikusanywa katika ukumbi wa Algiers. Robert-Houdin akatoa kisanduku kidogo. Akamwita mtu mwenye nguvu, akakinyanyua kwa wepesi. Akamwambia, sasa nakunyang'anya nguvu zako uwe kama mwanamke. Yule mtu akavuta, akavuta tena, kisanduku hakikuondoka, na mwisho akaanguka kwa maumivu na kukimbia. Siri: kisanduku kilikuwa na chuma chini, na chini ya jukwaa iliwekwa sumaku ya umeme iliyowashwa kwa ishara. Maumivu yalikuwa ni umeme uliopitishwa kwenye kipini. Kisha akajifanya amepigwa bastola na risasi haikumdhuru. Halafu akamfunika kijana mmoja wa Kiarabu kwa kifuniko kikubwa, akakinyanyua, kijana hayumo. Ukumbi ukakimbia.

Habari hizi nyingi tunazo kwa maneno yake mwenyewe, katika kumbukumbu alizochapisha mwaka 1858, na sisi watu wa isnadi tunajua jinsi ya kuipokea riwaya ya mtu anayejisifu. Lakini hata yeye anasema kwamba wakalimani waliagizwa baadaye wawaeleze watu kuwa yale yalikuwa ufundi tu. Tazameni mpango ulivyo: kwanza watu watishwe, kisha waelezwe. Na Algeria haikutulia kwa kisanduku. Mwaka 1871, mwaka ule ule aliokufa Robert-Houdin, makabila yalisimama dhidi ya Wafaransa, na wafuasi wa tarika ya Rahmaniyya walikuwa mstari wa mbele. Hapana shaka heshima ya mashekhe wao ilikuwa na msingi mwengine kuliko mchezo wa bastola.

Kuhusu risasi, hatuna haja ya kwenda Algeria. Mwaka 1905 vita vya Maji Maji vilienea kutoka Umatumbi hadi Uzaramo, yaani mpaka katika nchi hii hii ya Kisarawe. Watu waliambiwa kuwa maji ya dawa yatageuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Wale walikuwa watu walioonewa, walilazimishwa kulima pamba na kupigwa viboko, na ushujaa wao hatuuvunjii heshima hata kidogo. Lakini risasi ilibaki risasi. Mchezaji wa jukwaani anayepigwa bastola anajua kuwa haina risasi ndani, na hata hao mambo huwaharibikia: mwaka 1918 mchezaji mmoja maarufu, aliyejiita Chung Ling Soo, bunduki ilimgeukia kweli jukwaani London, akafa. Na hakuwa hata Mchina.

Narudi sasa kwenye hukumu, mama.

Ikiwa mtu anatumia mashetani, au anaandika maandishi ya shirki, au anadai kujua ghaibu, hilo ni katika madhambi saba yenye kuangamiza aliyotutahadharisha nayo Mtume (SAW), na hakuna khitilafu. Ikiwa ni wepesi wa mikono tupu, wanavyuoni wamekhitilafiana. Ibn Hajar al-Haytami, mwanachuoni wa Kishafi'i aliyeishi Makka na kufariki mwaka 974 Hijria, na ambaye Tuhfa yake inasomeshwa kwetu mpaka leo, aliulizwa kuhusu watu wa njiani wanaokusanya halaiki, wanaokata kichwa cha mtu na kukirudisha na kugeuza udongo kuwa dirhamu. Akajibu kuwa watu hao wako katika maana ya wachawi hata kama si wachawi, kazi yao haijuzu, wala haijuzu kusimama kuwatazama, kwa sababu kuwatazama ni kuwapa moyo. Miongoni mwa wanavyuoni wa zama zetu wapo waliosema kuwa mchezo wa vidole ukiwa wazi kuwa ni mchezo, hakuna anayedanganywa, hakuna jini anayetajwa wala madhara, hukumu yake haifiki hapo.

Mimi, kwa ninavyoiona hali ya kwetu, naegemea kauli ya Ibn Hajar. Si kwa kuwa kidole gumba ni haramu. Ni kwa kuwa katika skuli zetu sijasikia mchezaji hata mmoja anayewaambia watoto kuwa hana jini. Kazi yote imejengwa juu ya uongo huo, na Mtume (SAW) amemtahadharisha vikali anayesema uongo ili kuwachekesha watu, na amekataza Muislamu kumtisha Muislamu mwenziwe. Mwalimu wa sayansi akionesha mchezo huo huo wa sumaku na kuueleza, namshukuru.

Ama sala za mwanao, hazikupotea. Hadithi ya siku arubaini iliyopokewa na Imam Muslim inamuhusu anayemwendea mpiga ramli na kumuuliza jambo. Mtoto aliyekalishwa na walimu wake chini ya mwembe hakumwendea mtu. Na hata yule iliyemuhusu hadithi, wanavyuoni wamesema sala inabaki wajibu juu yake na haachi kusali, anachokosa ni thawabu. Lakini kule kupeleka fedha ili zizidishwe ni kosa, kwa sababu aliamini mtu anaweza kuumba mali kwa jini. Atubie kwa hilo, na toba ya mtoto ni nyepesi. Msomee Ayatul Kursiy na Mu'awwidhatayn wakati wa kulala, kisha kaa naye umuoneshe kwa karatasi na noti nilivyooneshwa mimi. Nadhani usingizi wake utarudi kwa vyote viwili. Asiporudi kula kwa siku chache, mpeleke hospitali.

Fedha: ule ni wizi. Nenda kituo cha polisi na ile nambari ya simu na ujumbe wa muamala, na mjulishe mkuu wa skuli kwa maandishi. Usione haya. Januari 2015 serikali ilipiga marufuku wapiga ramli, baada ya mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino yaliyochochewa na watu wa aina hii, wenye kuahidi utajiri. Usidhani baina ya kuzidisha noti na yale mauaji kuna masafa marefu. Anayemuaminisha mtoto kuwa utajiri unatoka kwa jini amekwishafungua mlango, na atakayepita mlangoni humo baadaye hamjui. Na nyinyi walimu mnaosoma haya, barua ya ruhusa haitoshi. Muulizeni mtu kama alivyofundisha Imam Shafi'i: hebu tuelezee unafanya nini.

Limebaki jambo la yule mzee. Nilipotaka kuondoka alinishika mkono, akaniambia kwa nini aliacha. Jioni moja Soga, baada ya onesho, alimjia mama na mtoto mchanga ana degedege. Alikuwa ameona karatasi ikigeuka noti, akaamini anaweza kumtoa mtoto alichonacho. Mzee angeweza kumwambia ukweli. Akaona haya kuuvunja uongo wake mbele ya watu. Akamfunga mtoto uzi mwekundu mkononi, akapokea shilingi zake na kuku mmoja, alfajiri akapanda treni. Muhula uliofuata aliporudi akaambiwa mtoto hakufika asubuhi ya pili. Homa ile ilikuwa ya kupelekwa zahanati usiku ule ule.

Akaniuliza: "Shehe, mimi nimeua?"

Sikumjibu upesi. Iko hadithi iliyopokewa na Abu Daud na wengine, kwamba anayejifanya tabibu naye hajulikani kwa utabibu, yeye ni mdhamini wa kinachotokea. Wanavyuoni wanaieleza kwa yule ambaye dawa yake au mkono wake ndio uliodhuru, na uzi haukumuua mtoto, homa ndiyo iliyomuua. Kwa hivyo sikumhukumu kwa diya. Lakini nilimwambia kuwa alimchelewesha mama yule na msaada kwa uongo, na dhambi ya uongo huo ni yake. Toba baina yake na Allah ipo na mlango uko wazi. Ila haki ya mja haifutwi kwa kulia barazani. Fedha na thamani ya kuku airudishe kwa mama, akiwa amefariki basi kwa warithi wake, na wasipopatikana kabisa atoe sadaka kwa niaba yao. Na amwambie ukweli, kwamba ule ulikuwa uzi.

Hilo la mwisho ndilo lililomshinda. Fedha aliniambia anaweza kuziuza mbuzi wake akazipata. Nilimpigia simu wiki iliyopita, bado hajenda. Nimemuahidi kuwa nikivuka tena tutafuatana mpaka Soga.

Wallahu a'lam.